Uliza Mwalimu: Kwani Ni Nani Alichoma Biblia?

Toleo lililopita kuna msomaji aliuliza kuhusu wale wahubiri wa saa ya lanchi pale Jeevanjee, nikamjibu, na katikati ya jibu nikapitisha sentensi moja tu, kwamba kuna wakati kule Ulaya mtu angeweza kuchomwa kwa sababu ya kutafsiri Biblia. Sentensi moja bana! Imeili zimejaa, simu ya ofisi haipumziki, bwana mmoja ameniambia nimetumwa na shetani, mwingine ameniambia nimetumwa na Roma, na wote wawili wanaishi Buruburu kwa hivyo wakutane wasikizane kwanza. Nimechagua barua chache nizijibu vizuri, zingine nimezikata kidogo juu zilikuwa ndefu kuliko gazeti lenyewe.

SHEMEJI YANGU NI PASTA

Habari Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Umoja, nimezaliwa Mkatoliki na niko kwa jumuiya, bwana yangu amelelewa kanisa lingine lakini yeye hana shida, shida ni kaka yake ambaye ni pasta ana kanisa la mabati huko Kayole. Kila tukikutana kwa mama mkwe, iwe Krismasi iwe matanga, lazima aanze, ati sisi ndio tulikuwa tunachoma Biblia, ati tuliua watu wa Mungu, ndio maana Wakatoliki hawajui maandiko. Juzi amesema mbele ya watoto na usiku binti yangu akaniuliza, mami ni ukweli sisi tuliua watu? Nikakosa la kusema. Nilimuuliza fadha akacheka akaniambia hayo ni ya kitambo. Mwalimu niambie ukweli hata kama ni mchungu na unipe kitu cha kumjibu shemeji, nimechoka. – Mama wa Umoja

Mama wa Umoja, pole kwanza kwa matanga kugeuzwa krusedi. Nitakupa yale mabaya yote bila kupunguza, halafu nitakupa cha shemeji, na sidhani atakipenda.

Ni kweli ilifanyika. Mwaka 1229 maaskofu walikutana Toulouse, kusini mwa Ufaransa, wakakataza walei kuwa na vitabu vya Agano la Kale na Jipya nyumbani kwao, wakawaachia Zaburi na vitabu vya sala, na hata hivyo visiwe kwa lugha ya nyumbani. Hiyo ilikuja baada ya vita vya miaka 20 dhidi ya Wakathari, watu walioamini kwamba hii dunia ya nyama na udongo iliumbwa na nguvu mbaya, si na Mungu mwema. Vita hivyo vilipoanza, 1209, mji wa Béziers uliuawa karibu wote, Mkathari na Mkatoliki pamoja, hata waliokimbilia kanisani wakafuatwa humo humo ndani. Mwaka 1231 Papa Gregori wa 9 akaweka mahakama ya kusaka wazushi, ile Inkwizisheni tunayoisikia, na 1252 Papa Inosenti wa 4 akaruhusu washukiwa wateswe ndio wakiri. Na hapa uelewe vile mambo yalikuwa yanaenda: mahakama ya kanisa haikuwasha moto yenyewe, ilimtangaza mtu kuwa mzushi halafu ikamkabidhi kwa serikali, serikali ndiyo ilikuwa na kuni, kama yule karani anayekuambia yeye ameandika tu, faini ni ya koti.

Uingereza ndio walikuwa wakali zaidi kwa maneno ya kutafsiri. John Wycliffe alikuwa msomi wa Oxford, yeye na wafuasi wake wakatoa Biblia kwa Kiingereza, akafa kwa kitanda chake mwaka 1384, kifo cha kawaida kabisa. Lakini mwaka 1401 ikapitishwa sheria ya kuchoma wazushi, 1409 Askofu Mkuu Arundel akapiga marufuku tafsiri yoyote isiyo na kibali, 1415 mkutano wa maaskofu mjini Konstanz ukamhukumu Wycliffe akiwa kaburini, na 1428 wakafukua mifupa yake, wakaichoma, wakamwaga majivu mtoni. Mtu amekufa miaka 44! Mkutano huo huo wa Konstanz ndio ulimhukumu Jan Hus, mhubiri wa Bohemia, Czech ya leo, akachomwa, na huyo alikuwa ameenda akiwa na barua ya mfalme Sigismund ya kumhakikishia usalama.

Halafu Tyndale. Huyu alichapisha Agano Jipya la Kiingereza mjini Worms mwaka 1526, likaingizwa Uingereza kwa magendo ndani ya mizigo ya nguo, na askofu wa London akawa ananunua nakala ili azichome pale kanisa la Mtakatifu Paulo. Kwa hivyo hapo shemeji amesema ukweli, Biblia zilichomwa hadharani, na aliyechoma alikuwa askofu. Tyndale akasalitiwa Antwerp akashikwa, na mwaka 1536 akanyongwa na mwili wake ukachomwa karibu na Brussels. Miaka miwili baadaye mfalme Henry wa 8 akaamuru kila kanisa Uingereza liwe na Biblia kubwa ya Kiingereza, na maneno mengi ndani yake ni ya huyo huyo Tyndale.

Sasa, shemeji pia asikudanganye ati Biblia ilikuwa imefungiwa kila mahali. Katazo la Toulouse lilikuwa la Toulouse. Wajerumani walikuwa na Biblia nzima kwa Kijerumani, imechapishwa Strasbourg mwaka 1466, yaani Luther, yule aliyeanzisha mageuzi ya Kiprotestanti, hata hajazaliwa, na ilichapishwa tena na tena. Nani aliyanakili hayo maandiko kwa mkono miaka elfu moja kabla ya mashine, si ni watawa? Tatizo lilikuwa mtu kusoma na kuhubiri bila kuuliza ruhusa. Angalia Valdo, mfanyabiashara wa Lyon, miaka ya 1170, aligawa mali yake, akalipa makasisi wamtafsirie Injili, akatoka na wenzake kuhubiri barabarani. Hakuna uzushi hapo. Wakaenda Roma kuomba baraka, wakaambiwa umaskini ni sawa lakini msihubiri kabla askofu hajawakubalia, wakahubiri tu, na 1184 wakawekwa kwa orodha ya wazushi. Wakawindwa milimani kwa karne kadhaa. Wavaldo wako mpaka leo, na mwaka 2015 Papa Fransisko aliingia kanisani kwao Turin akawaomba msamaha. Hiyo mwambie binti yako. Mwambie ndiyo, watu wa kanisa letu waliua, na mapapa wenyewe wamekiri, Yohane Paulo wa 2 alieleza masikitiko makubwa juu ya kifo cha Hus mwaka 1999, na mwaka uliofuata akaomba msamaha hadharani, kwenye misa pale Roma, kwa dhambi za namna hiyo. Mtoto anaweza kubeba ukweli huo, asichoweza kubeba ni wewe kunyamaza.

Basi shemeji. Muulize hivi: pasta, wewe si hubatiza watu wazima, maji mengi, waliobatizwa wakiwa watoto unawarudia? Atasema ndiyo, ataeleza na mistari. Sasa mwambie habari ya Felix Manz. Tarehe 5 Januari 1527, mjini Zürich, huyu Manz alifungwa mikono na miguu akatupwa kwa mto Limmat akazama, kosa lake likiwa ni hilo hilo la kubatiza watu wazima. Na Zürich wakati huo haikuwa ya Papa, ilikuwa ya Zwingli, mhubiri wa mageuzi, watu waliokuwa wametoka Roma juzi tu wakisema kila mtu asome Biblia. Manz alikuwa amesoma, mpaka Kiebrania alikuwa anakijua, na alikuwa mwanafunzi wa Zwingli mwenyewe! Miaka miwili baadaye, 1529, wakuu wa Ujerumani walikutana Speyer, Wakatoliki na wale wa Luther ambao hawakuwa wanaelewana kwa lolote, hapo ndipo walielewana: anayebatiza mara ya pili auawe. Kwa hivyo shemeji angezaliwa enzi hizo angetafutwa na pande zote mbili, na hao mashujaa wake wa mageuzi ndio wangemsukuma majini.

Akitaka kuongea juu ya moto muongezee Mikaeli Servetus, daktari Mhispania, mmoja wa watu wa kwanza Ulaya kueleza vile damu inapita kwa mapafu. Alikana Utatu, Wakatoliki wa Ufaransa wakamfunga, akatoroka, wakachoma sanamu yake kwa kumkosa. Akapitia Geneva, mji wa Calvin, kiongozi mwingine wa mageuzi, sijui alikuwa anawaza nini, akatambuliwa kanisani siku ya Jumapili, na tarehe 27 Oktoba 1553 akachomwa, yeye mwenyewe sasa. Calvin alikuwa ameomba akatwe kichwa badala ya kuchomwa, hiyo ndiyo ilikuwa huruma ya wakati huo. Mwalimu mmoja wa Basel, Castellio, akaandika kwamba kuua mtu si kulinda mafundisho, ni kuua mtu tu, na kwa hilo akasumbuliwa mpaka mwisho wa maisha yake.

Na moja ya mwisho kwa sababu shemeji anapenda kusema nyinyi wanawake wa Katoliki hamsomi. Mwaka 1543, Uingereza ikiwa imeshaachana na Roma, mfalme Henry wa 8 alipitisha sheria kwamba wanawake wa kawaida, mafundi, watumishi na vibarua wasisome Biblia ya Kiingereza kabisa, ila wake wa mabwana wakubwa wangeweza kusoma faraghani. Mfalme yuleyule aliyeamuru iwekwe makanisani. Watu walisoma, wakaanza kubishana kwenye baa, akaona hii itafika kwa kiti changu.

KITABU CHA HENOKO KIKO VATIKANI?

Niaje Mwalimu, mi niko kampasi naishi Kahawa West. Kuna video imezunguka TikTok ati Biblia ilitengenezwa na Konstantino mwaka 325 kule Nikea, ati walipiga kura vitabu gani viingie na gani vitoke na Henoko wakakificha Vatikani juu kinaongea ukweli wa malaika. Rumeti yangu ameacha kanisa juu ya hiyo video, mi sijaacha lakini niko na maswali. Ni ukweli ama ni za kutafuta viyuu? – Kijana wa Kahawa West

Kijana wangu, ni za viyuu, lakini wametengeneza uongo wao kwa vipande vya ukweli ndio maana unamezeka.

Mkutano wa Nikea 325 ulikuwepo, na Konstantino, mfalme wa Roma, ndiye aliuita. Walikuja maaskofu kama mia tatu hivi, na kilichowaleta hakikuwa orodha ya vitabu, alikuwa Mwafrika, padri wa Aleksandria anaitwa Ario, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, kwamba kuna wakati hakuwepo. Wakabishana, wakatunga msingi wa ile Nasadiki ambayo bado inasomwa makanisani, wakapatana juu ya tarehe ya Pasaka, wakaandika kanuni 20. Hizo kanuni zipo unaweza kuzisoma zote kwa jioni moja, zinaongea juu ya mapadri, maaskofu, watu waliokana imani wakati wa mateso, hata juu ya kupiga magoti siku ya Jumapili. Orodha ya vitabu vya Biblia haimo. Hiyo hadithi ya vitabu kuwekwa juu ya meza ilizuka karne nyingi baadaye.

Kitu cha maana kilichotokea Nikea hiyo video haikusema, na mimi naona ndio kilifaa kuwa video. Serikali iliingia kwenye ugomvi wa mafundisho. Ario na maaskofu wawili waliokataa kutia sahihi wakapelekwa uhamishoni kwa amri ya mfalme, na maandiko ya Ario yakaamriwa yachomwe. Miaka 22 tu kabla ya hapo, mwaka 303, mfalme Diokletiano alikuwa ameamuru maandiko ya Wakristo yachomwe, na kuna waliokufa wakikataa kuyatoa. Watu walewale! Kuna maaskofu waliofika Nikea na makovu, na mmoja hana jicho, kwa sababu ya mateso ya dola ya Roma, halafu sasa dola iko upande wao wanaona kuchoma vitabu vya mwenzao ni sawa. Na usidhani upepo ulikaa upande mmoja, Konstantino baadaye akamrudisha Ario, mpinzani wake mkubwa Athanasio akafukuzwa Aleksandria mara tano na wafalme tofauti, na Konstantino mwenyewe alipokaribia kufa 337 aliyembatiza ni askofu wa upande wa Ario.

Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunavyovijua inaonekana mara ya kwanza kwa barua ya huyo Athanasio, mwaka 367, akiandikia makanisa ya Misri. Kabla ya hapo watu walikuwa wameshakubaliana juu ya vingi, Injili nne, barua za Paulo, wakivutana juu ya vichache kama Waebrania, Petro wa pili na Ufunuo. Ni vitabu vilivyotumika ibadani miaka mingi ndivyo vilibaki. Lakini ndiyo, vingine vilizikwa: mwaka 1945 mkulima karibu na Nag Hammadi, Misri, alichimba akapata mtungi una vitabu 13 vya mafunjo vyenye majalada ya ngozi, na humo ndani kulikuwa na Injili ya Tomaso. Inaelekea kuna mtu alivificha badala ya kuvichoma.

Henoko sasa. Panda basi uende Addis Ababa, hiyo Vatikani achana nayo. Kanisa la Ethiopia halijawahi kukitoa, wana Biblia ya vitabu 81 na Henoko yumo. Msafiri Mskoti James Bruce ndiye alirudisha nakala Ulaya mwaka 1773, kwa hivyo Ulaya ndio walikuwa wamekipoteza, sisi huku tulikuwa nacho. Na ufungue waraka wa Yuda mstari wa 14, utaona mwandishi anamnukuu Henoko wazi wazi.

Kama rumeti anataka kesi ya kweli ya vitabu kutolewa nimpe. Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, Wamakabayo wa kwanza na wa pili, Wakatoliki walithibitisha mwaka 1546 kwamba ni Maandiko, Waprotestanti wakasema ni vya kusoma tu, si vya kujengea mafundisho. Lakini waliendelea kuvichapa! Biblia ya King James ya 1611 ilikuwa navyo katikati. Ni mwaka 1826 ndio chama cha Biblia cha London, baada ya ugomvi mkubwa uliochochewa na Waskoti, kiliamua pesa zake zisichape tena vitabu hivyo, na hicho ndicho chama kilichosambaza Biblia karibu dunia nzima, huku kwetu pia. Uamuzi wa kamati juu ya pesa za uchapishaji, na leo mtu anakuambia Kayole kwamba vitabu 66 viliteremka hivyo.

KILEMBA CHANGU

Mwalimu mimi ni Mkorino, fundi wa stima, natoka Kawangware. Nimeitwa mzushi na mtu wa dhehebu kubwa kazini, na mahali fulani niliambiwa nikivua kilemba nitapata kazi, nikaondoka. Nataka kujua kama hii tabia ya kuita wengine wazushi ilitoka kwa wazungu ama hata sisi Waafrika tulikuwa nayo. – Fundi

Fundi, sitawabebesha wazungu yote, kwa sababu hoja yenyewe ya kulazimisha watu ilipikwa hapa Afrika. Augustino wa Hippo, Algeria ya leo, alikuwa na wapinzani wake Wadonato, kanisa la Waafrika waliokataa mapadri waliosalimisha maandiko wakati ule wa Diokletiano. Mwanzoni Augustino alisema wabishane nao kwa maneno tu. Baadaye akaona sheria za mfalme zinaleta watu kanisani, akabadilika, akachukua ule mfano wa karamu kwenye Luka 14, pale mwenye nyumba anamwambia mtumishi awashurutishe watu waingie, akasema ndio hivyo. Mwaka 412 serikali ikawatoza Wadonato faini na kuchukua makanisa yao. Yeye alikataa wasiuawe, nampa hiyo, lakini waliokuja nyuma yake karne nyingi walibeba ule mstari na wakaacha lile katazo.

Halafu kuna Kimpa Vita na huyu ningependa kila mtoto Kenya amjue. Ufalme wa Kongo ulikuwa wa Kikristo tangu 1491, usidhani ilikuwa ni mambo ya juzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 nchi imechanika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe na watu wanauzwa utumwani, akatokea msichana wa miaka kama 20 akasema Mtakatifu Antoni amemwingia, kwamba Yesu alizaliwa Mbanza Kongo, kwamba Maria alikuwa Mkongo, na kwamba wafalme waache kupigana warudi kwa mji mkuu. Maelfu wakamfuata. Mapadri Wakapuchini kutoka Italia wakasema ni uzushi, baraza la mfalme Pedro wa 4 likamhukumu, na Julai 1706 akachomwa. Waliohukumu ni Wakongo, waliochochea ni Waitaliano, na hesabu ya mfalme ilikuwa ya kiti chake kama ya Henry tu. Hata Simon Kimbangu, kulekule Kongo, mwaka 1921 alihubiri miezi michache tu Wabelgiji wakamhukumu kifo, wakapunguza ikawa maisha, akafia jela 1951, miaka 30.

Na nyinyi Wakorino hamjaachwa nje. Agano Jipya la Kikuyu lilitoka 1926, na ni wakati huohuo Arathi, ndio nyinyi Wakorino, wanajitokeza, watu wanaojisomea wenyewe, wanaona manabii, wanaona ndoto, wanaona watu waliofunika vichwa, wanauliza mbona misheni haikutuambia hii. Misheni ikawaona wamepotoka, serikali ya mkoloni ikawaona hatari, na mwaka 1934 polisi wakawapiga risasi wenzenu watatu kwa msitu wa Ndarugu. Ukiambiwa wewe ni mzushi mwambie umeanza kabla ya kanisa lake kupata ploti. Na kwa ile kazi, Katiba kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani yake, siyo hisani ya bosi, wakikurudia nenda na hiyo uwasomee.

NA SHAKAHOLA JE?

Mwalimu unaongea vizuri juu ya kuvumiliana lakini wewe uliona Shakahola. Hao manabii wa uongo si wangefungiwa mapema? Mimi nasema serikali iamue nani ahubiri na nani asihubiri, tuache mchezo. – Mzazi, Pipeline

Mzazi, niliona, ule msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka wakafa, na miili zaidi ya 400 ilitolewa kwa ile ardhi, wakiwemo watoto wengi, sina neno la kuipunguza. Lakini tenganisha vitu viwili. Mtu kufundisha kwamba dunia inaisha Alhamisi ni mafundisho, unaweza kumcheka, unaweza kutoka. Mtoto kunyimwa chakula, kunyimwa shule, kuzikwa bila mtu kuripoti, hiyo ni jinai tangu siku ya kwanza na sheria zake zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzitumia mapema, hatukukosa afisa wa kupima mahubiri.

Ukimpa serikali huyo afisa, muulize atakuwa wa dhehebu gani. Hii nchi tumeshajaribu: mkoloni alipiga marufuku Dini ya Msambwa mwaka 1948, akamfunga kiongozi wake Elijah Masinde, na hata baada ya uhuru serikali yetu wenyewe ikamfunga tena. Mimi nakubali kanisa lipeleke hesabu za pesa, nakubali lisajiliwe, nakubali mtoto akikosa shule chifu agonge mlango hata kama ni madhabahu. Lakini siku karani wa Nairobi ataamua Utatu unaelezwaje, fundi wetu wa Kawangware atakuwa wa kwanza kuitwa, na wewe mzazi hujui kama utakuwa wa pili.

ZA HARAKA HARAKA

Galileo alichomwa? – Hapana. Alishtakiwa Roma mwaka 1633, akalazimishwa kukana kwamba dunia inazunguka jua, akafungiwa nyumbani mpaka akafa 1642. Aliyechomwa Roma ni Giordano Bruno, mwaka 1600, watu huwachanganya.

Ile orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku na Kanisa bado ipo? – Ilianza 1559, ikaondolewa 1966. Mwaka mmoja kabla ya hapo Mtaguso wa Vatikani ulikuwa umesema mtu asilazimishwe kwa imani.

Nani alikuwa wa mwisho kuuawa kwa uzushi Hispania? – Mwalimu wa shule wa Valencia, Cayetano Ripoll, alinyongwa mwaka 1826. Ndio, mwalimu. Nimeona mlivyoandika hilo swali mkicheka.

Mwalimu wewe ni dini gani? – Ile ambayo mke wangu ananiamsha Jumapili niende.

Nitapata wapi Biblia ya Kiswahili yenye Tobiti na Wamakabayo? – Habari Njema iko ya aina mbili, uliza ile yenye deuterokanoni, maduka ya vitabu ya Wakatoliki hapa tauni huwa nayo. Angalia orodha ya ndani kabla ya kulipa kwa sababu majalada yanafanana.